Kahawa Kabla ya Kipimo

Tata,

Sikusalimii kwanza. Najua ungeikunja barua hii na kunirudishia, kama ulivyokuwa ukiturudisha mlangoni tulipoingia na habari kabla ya salamu. "Toka, uingie upya kama mtu." Leo salamu itakaa mwisho, na ukisoma utaona sababu. Nina hasira na wewe, nina hasira na mimi mwenyewe, nina hasira na ofisi nzima, na nisipokuandikia nitaendelea kuwamalizia hasira hizo watu wasiohusika. Juzi nimemfokea kijana wa bodaboda hapa Kashai kwa kosa la kuniuliza tu, "Dada, leo mbona umenuna?"

Ni miezi mitatu sasa tangu tulipokuzika kibanjani, kwenye ile mibuni uliyoipanda mwaka niliozaliwa. Mama amekataa kata kata kuja kukaa nami Bukoba. Anasema chumba changu hakina hata mgomba mmoja, atazungumza na nini. Redio yako anaiwasha kila jioni kwa sauti uliyokuwa ukiitaka wewe, ile ya kusumbua majirani, ingawa yeye alikuwa akiilalamikia miaka yote. Nimeacha kumwuliza kwa nini.

Sasa nikuambie kilichonileta.

Ni mimi niliyekuingiza kwenye ule utafiti wa presha, sikatai. Mradi ulipokuwa unatafuta wazee wa Muleba wa kufuatiliwa mwaka mzima, kuona kama vidonge vipya vinashusha presha vizuri kuliko vya zamani, nilikuja nyumbani na fomu mbili za ridhaa, yako na ya Mama, nikiwa nimevimba kichwa. Mimi, Koku wako, karani wa takwimu ninayekaa ofisini mbele ya kompyuta, nimewaletea wazazi wangu dawa, vipimo na mtaalamu mpaka sebuleni! Ulizisoma kurasa zote kwa ile miwani yako iliyofungwa uzi, ukaniuliza maswali ambayo hata mratibu wa mradi hajawahi kuulizwa. Halafu ukasaini na kusema neno lako la siku zote: "Mizani haina shemeji."

Miaka yako yote ya ukarani wa mizani pale chama cha msingi ulituimbia wimbo huo. Mizani haina shemeji, haimwongezei mtu kilo kwa kuwa alioa kwenu. Kila asubuhi uliikagua mizani ikiwa tupu kabla gunia la kwanza halijapanda. Mtu akileta kahawa yenye unyevu ili ipime zaidi, ulitumbukiza mkono guniani, ukaisikiliza kwa vidole, ukamwambia airudishe nyumbani ikakauke. Hata padre ulimrudisha siku moja. Mama alikuwa akisimulia kisa hicho huku ameficha uso kwa kanga.

Kumbuka hilo la unyevu, maana nitalirudia, na nitakupigia nalo kelele.

Kabla wapimaji hawajaanza kuzunguka vijijini, mratibu aliniomba niwafundishe mila za Wahaya, kwa kuwa wengi wao walitoka mikoa mingine. Nikasimama mbele yao kwa madaha. Nikawaambia: ukifika nyumbani kwa Mhaya, utaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, sisi tunaita akamwani. Mwenyeji atatafuna kwanza kukuonyesha kwamba haina neno, kisha utatafuna wewe. Usikatae. Ukikataa umemtukana, na utafiti wako utakuwa umekufia mlangoni. Wote wakaandika. Deo, yule tabibu kutoka Mbeya aliyekuwa akija kuwapima wewe na Mama kila baada ya wiki mbili, aliandika akapigia mstari. Nilimwona, nikafurahi.

Basi akawa anakuja. Wewe unatoka kibanjani, unanawa mikono, unamkaribisha, unamuuliza habari za wazazi wake huko Mbeya mmoja mmoja. Kikapu kinakuja. Unatafuna, anatafuna, Mama anatafuna, na wewe mbele ya mgeni hukuwa mtu wa punje mbili. Unamsimulia habari za bei ya kahawa tangu enzi za mkoloni. Ndipo mkanda unafungwa mkononi.

Na kwenye dodoso lake kuna swali: je, katika nusu saa iliyopita umekunywa kahawa au chai? Swali hilo lina maana yake. Kahawa inaweza kuipandisha presha kwa muda, ukimpima mtu wakati huo unapima na kahawa. Nawe, katekista wa watu, usiyeweza kudanganya hata kuhusu umri wa ng'ombe, ukajibu kwa moyo mweupe: "Hapana." Deo akajaza Hapana. Kweli, nyumbani kwetu nani anakunywa kahawa? Tunailima, tunaiuza, tunaitafuna. Ya kunywa ni ya hotelini. Hakuna aliyedanganya, Tata, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba sina hata mwongo mmoja wa kumshika shati.

Isipokuwa labda mimi. Mimi niliyekuwa nikizikagua zile takwimu zikifika ofisini. Nyumba kwa nyumba, wilaya nzima ya wakulima wa kahawa, safu yote imejaa Hapana, Hapana, Hapana, kutoka juu mpaka chini. Mhaya mzima, niliyelelewa na kahawa mdomoni, nikaitazama safu ile nikasema, "Safi, haina makosa." Nikaenda kunywa chai.

Kipimo chako kikawa juu. Wakakuongezea dozi, kikabaki juu, wakakuongezea tena. Ndivyo utaratibu ulivyoandikwa, na Deo aliufuata neno kwa neno. Halafu ukanipigia simu. Nilikuwa Bilele sokoni, nimeshika mfuko wa nyanya, nakumbuka mpaka rangi ya mfuko. Ukasema, "Koku, nikiinuka asubuhi nyumba inazunguka."

Nikakujibu kama mtu aliyesoma. Nikasema, "Tata, ni mwili unaizoea dawa. Presha yako bado iko juu, naiona kwenye kompyuta." Sikupaswa hata kukuambia hivyo, maana kule ofisini wewe ni namba, si baba wa mtu, lakini namba yako niliijua kwa kuwa fomu niliijaza mwenyewe. Ukasema, "Kama mashine imesema." Kisha ukaniuliza bei ya nyanya.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waongo. Mimi ndiye sikusikia la mkuu, na guu likavunjika la mkuu mwenyewe.

Ulianguka kwenye lile jiwe la mlango wa nyuma, asubuhi, ukielekea kukata ndizi. Siku mbili hospitalini hapa mjini, kisha basi. Daktari alisema hawezi kujua ni kichwa kilichoanza ndipo ukaanguka, au ulianguka ndipo kichwa kikaumia. Sitasema kahawa ilikuua. Sitasema dawa ilikuua, maana dawa hizo hizo zimewashushia wengine presha wakaepuka kiharusi. Sina haki ya kusema nisilolijua, na wewe ungenirudi hata huko uliko. Ninachokijua nimekikuta kwenye daftari lako.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, nilifungua sanduku lako kutafuta kitambulisho kwa ajili ya cheti cha kifo. Chini kabisa, chini ya suti ya Pasaka, nikakuta daftari la shule. Ungefanya nini kingine, karani? Umelipiga mistari kwa rula kama kitabu cha mizani. Tarehe. Nilivyoamka. Nani kaja. Kipimo. Nikakaa sakafuni nikasoma.

"Nimeamka vizuri kidogo. Mgeni wa dawa kaja. Tumetafuna. 171."

Ukurasa wa pili: "Kizunguzungu. Nimekwenda mnadani. Sijatafuna leo, sijakaa na mtu. Nimepimwa dukani kwa Projestus. 108."

Ukurasa mwingine: "Mgeni wa dawa. Tumetafuna, kijana anaijua sasa. 168." Na mwingine: "Kwa Projestus. Sijatafuna. 104." Hivyo hivyo, mgeni juu, dukani chini, mgeni juu, dukani chini. Hukuwa mtu wa kutafuna peke yako, ulisema kahawa ni ya watu, kwa hiyo kila siku ya Deo ilikuwa siku ya kahawa na kila siku ya duka la dawa ilikuwa siku kavu. Umeyaandika yote. Umeandika hata "tumetafuna," neno ambalo dodoso letu la kitaalamu, lililopita mikononi mwa wasomi chungu nzima, halikuwa na mahali pa kuliweka. Utafiti uliokamilika ulikuwa chini ya suti yako.

Halafu pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Mashine ya Projestus mbovu. Ya Koku haidanganyi."

Tata, nilipiga kelele. Si kilio cha msiba, Mama alikijua kilio cha msiba na hakushtuka nacho tena. Alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimeumwa na nyoka.

Wewe! Wewe uliyemrudisha padre na gunia lake! Uliyejua kwa ncha za vidole kwamba kahawa yenye unyevu inadanganya mizani, ukakubali kupimwa na unyevu mdomoni, mara baada ya mara, ukaandika kabisa kwamba una unyevu, kisha ukailaumu mizani iliyosema kweli! Na kwa sababu gani? Kwa sababu mashine nyingine ni ya Koku. Mizani haina shemeji, sawa, lakini kumbe ina binti. Ulinisomesha kwa kahawa ile ile, ukaniamini kuliko mwili wako mwenyewe, nami nikayapokea maneno yako sokoni kana kwamba ni habari za mvua.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hasira haijafika kileleni.

Nilikuwa na sababu ya kukimbia, nayo ni Mama. Mama yumo kwenye utafiti ule ule, anakunywa vidonge vile vile, anapimwa sebule ile ile baada ya kikapu kile kile, na dozi yake ilikuwa imepandishwa mara mbili kama yako. Jiwe la mlango wa nyuma bado lipo pale pale. Nikarudi Bukoba na daftari lako kwenye mkoba, nikaingia kwa mratibu kabla hajaketi.

Akalifungua kwa vidole viwili. Akasema, "Pole sana, Koku. Una msiba. Chukua likizo." Nikamwambia sitaki likizo, nataka asome safu ya mwisho. Akasema daftari la marehemu si chombo cha utafiti. Akasema mashine ya dukani haijahakikiwa. Akasema kuongeza swali kwenye dodoso lazima kamati ya maadili ikae, na kamati inakaa inapokaa. Nikamwambia mama yangu hawezi kusubiri mpaka kamati iketi, huenda yeye mwenyewe anaogopa kuketi na kuinuka. Akaniambia atapimwa ziara ijayo. Nikamuuliza, "Kabla ya kahawa au baada?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kuhusu senene katikati ya mkutano. Anatoka mbali, simlaumu kwa kutokujua. Namlaumu kwa kuambiwa na bado asijue.

Nikapanda gari nikaja Muleba. Nikadhani kazi ngumu nimeimaliza. Nilikuwa nimemsahau mkeo.

"Mama, unapata kizunguzungu?"

"Sipati."

Na ameshika fremu ya mlango, Tata! Ameishika kwa mikono miwili kama anayezuia nyumba isiondoke! Nikamwambia twende kwa daktari hospitalini, apimwe upya, huenda dozi ni kubwa mno. Akasema ameweka dole gumba kwenye karatasi, na mtu haweki dole akaliondoa. Nikamweleza kwamba fomu yenyewe inasema anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa. Akasema, "Bojo, nakusihi, Koku, niache. Baba yako alikunywa mpaka siku ya mwisho. Mimi ni nani nimshinde?" Siku nzima tulibishana. Nilimfuata jikoni, nilimfuata kwenye mashina ya migomba, nilimfuata mpaka chooni nikabishana naye kupitia mlango wa bati. Mwanamke yule angeweza kuichosha kamati ya maadili ikakaa siku hiyo hiyo.

Jioni nikachukua daftari. Unajua Mama kusoma hakufiki mbali. Nikamsomea. Alisikiliza huku akichambua maharage. Nikafika kwenye ukurasa ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeuruka mara ya kwanza kwa sababu ya machozi:

"Leo nimeshika ukuta kutoka chumbani mpaka nje. Sijamwambia Mama Koku, asije akaziogopa dawa zake."

Mikono ya Mama ikasimama kwenye ungo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilikuwa nikishika ukuta wa jikoni. Sikumwambia, asije akaacha za kwake."

Mko wawili ndani ya nyumba ya vyumba vinne, mnatambaa na kuta, huyu upande huu, yule upande ule, kila mmoja anamlinda mwenzake! Na wewe ndiye uliyekuwa ukiwahubiria watu kwenye mikutano ya jumuiya kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nilitaka kucheka, nilitaka kuvunja kitu. Nikamsaidia kuchambua maharage. Tulipomaliza akasema, "Kesho twende."

Kesho yake asubuhi nilimpigia Deo kwanza, nikamwomba aje. Alikuja na pikipiki ya mradi, uso umemshuka, maana tangu mazishi alikuwa hajatia mguu pale. Nikamwambia leo tunapima mara mbili, kabla na baada. Mama akakaa kwenye kiti chako. Hapo sasa ikawa kesi nyingine. Mgeni yumo ndani, kikapu kiko mezani, na mwenye nyumba haruhusiwi kumkaribisha! Mkono wa Mama ulikuwa ukienda kwenye kikapu wenyewe. Aliurudisha mara mbili. Mwishowe alichukua daftari lako akalilaza juu ya kikapu kama mfuniko, akasema, "Haya, mlinzi amekaa." Tukakaa kimya, sote watatu. Tata, sijawahi kuisikia sebule ile ikiwa kimya na mgeni ndani. Deo alikuwa akitazama magoti yake. Kuku aliingia, akatutazama, akatoka.

Mama akapimwa. Kipimo kilikuwa chini, chini kiasi kwamba Deo alirudia kwa mkono mwingine. Halafu Mama akaliondoa daftari, akatafuna, akatupa na sisi, tukazungumza habari zako kama ilivyokuwa desturi. Mama akapimwa tena. Kipimo kilikuwa kimepanda kama mtu aliyeitwa jina lake.

Deo akavua kifaa chake masikioni. Akasema, "Dada Koku, nimewapima wazee wangapi hivi?"

Nikamwambia, "Wote. Nilikufundisha mimi."

Aliinama akalia, mwanaume mzima, na Mama badala ya kulia akamsogezea kikapu. Hiyo ndiyo dawa yake kwa kila kitu, na siku hiyo sikuthubutu kumkataza.

Tulikwenda hospitalini na karatasi ya Deo. Daktari wa pale hakuleta maneno mengi. Alimpima Mama akiwa amepumzika, akamsimamisha, akampima tena, akamwita asubuhi nyingine na nyingine. Kisha akapunguza dozi, akamwambia asiache dawa, presha anayo kweli, ila si ile tuliyokuwa tukiipima sisi. Mama akamuuliza kama na kahawa aiache. Daktari akacheka akasema, "Punguza, mama, na usitafune kabla ya kuja kwangu." Mama alitoka pale akiwa amewasamehe nusu ya madaktari wote wa mkoa.

Deo aliandika ripoti kwa jina lake, kwa fomu ya mradi, kwa mashine ya mradi. Na lile lililoshindikana kwa daftari la marehemu likawezekana kwa karatasi yenye nembo. Mratibu alisitisha kuongeza dozi kwa mtu yeyote mpaka wote wapimwe upya. Wapimaji wamepewa agizo la maandishi, nimelibandika ukutani: mshiriki apumzike kwanza, apimwe, kahawa itafuata. Nimewafundisha upya. Safari hii sikusimama kwa madaha. Nimewaambia msiwakatalie wazee kahawa, wala msiwatukane, waombeni tu ingojee kipimo. Wazee wengine wamenuna. Bibi mmoja alimwambia Deo kwamba ofisi yetu haina malezi.

Unadhani nimepoa? Bado. Maana wewe mwenyewe, namba yako, umebaki kwenye kompyuta kama mzee ambaye dawa haikumsaidia. Vipimo vyako vya kahawa vimekaa pale kama ukweli. Nimeandika barua ya kuomba liwekwe angalau neno moja la maelezo. Wamejibu kwamba taarifa za mshiriki aliyefariki zimefungwa. Nimeandika tena. Wamejibu kwamba wamepokea barua yangu. Nimeandika ya tatu, nikaambatanisha nakala za kurasa zako zote, na mistari yako ya rula. Wanajifanya wamechoka nami. Hawajui nimelelewa na nani. Padre mwenyewe alirudi na gunia lake, sembuse wao.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu. Leo asubuhi Mama amepiga simu. Nilipoona jina lake saa ile, nikakumbuka simu yake ya asubuhi uliyoanguka kwenye jiwe. Akasema, "Koku, nimeamka, nimetoka mlango wa nyuma, nimekwenda mpaka kwa baba yako, sikushika mgomba hata mmoja."

Nikamuuliza, "Na kichwa?"

Akasema, "Kimetulia mabegani."

Sikumwuliza presha ni ngapi. Nilimuuliza ameamkaje, amelalaje, miguu inasemaje, nikayaandika yote kwenye ukurasa uliofuata baada ya wako wa mwisho. Daftari sasa ninalo mimi. Nimeendelea kwa mistari ile ile, ingawa yangu imepinda. Nitaliendeleza, Tata, nakuahidi. Kila jioni nitampigia Mama kabla sijala, na atakachosema kuhusu mwili wake nitakiandika kwanza, mashine nitaisikiliza ya pili. Na pale ofisini, mzee yeyote wa Muleba akisema nyumba inazunguka, sitamwambia ninachokiona kwenye kompyuta. Nitaacha nyanya zangu nitakwenda.

Uliniambia nyumba inazunguka. Ilikuwa inazunguka. Nakusadiki, Tata, nimechelewa.

Nimemaliza kukupimia niliyokuwa nayo. Sasa kikapu kinaweza kuja, na salamu yako niliyokuwekea tangu mwanzo, kwa magoti kama ulivyonifundisha.

Kasinge, Tata. Lala vizuri.

Binti yako,
Koku